Mama Nyuzi, Aliyelitafuta Umbo la Ulimwengu

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha, familia imemkabidhi karatasi hii mdogo wa kiume wa marehemu, fundi bomba, awasomee, na kwa kuwa hapa si mahali pa mtu kujizungumzia, kila atakapotokea humu ataitwa mdogo wake, basi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1967, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchomeleaji wa mabehewa na mama fundi cherehani, na baada yake, kwa miaka saba, hakukuwa na mwingine, mpaka alipokuja huyo mdogo wake. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema hadi majirani wakaanza kunong'ona, na siku alipofungua kinywa, akiwa na miaka mitatu kasoro, hakusema mama wala baba, alisema "tena", kwa sababu alitaka gurudumu la cherehani lizungushwe tena aone uzi unakopita.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1980, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1981, na ripoti zake zote za huko, ambazo mama alizihifadhi ndani ya sanduku la vitambaa, zina maksi za juu na maoni ya aina moja, kwamba mwanafunzi huyu anauliza mno. Septemba 1987 alijiunga na chuo kikuu kusoma fizikia, darasa la watu arobaini na mmoja, wanaume arobaini na yeye, na mwaka 1990 alipomaliza wa pili alirudi nyumbani amenuna siku tatu, si kwa wivu, bali kwa sababu swali moja la mtihani lilikuwa limekosewa na hakuna aliyetaka kulisahihisha. Mwaka 1992 alipata nafasi ya kusoma nje ya nchi, akakaa huko miaka mitano, akarudi Oktoba 1997 na shahada ya uzamivu, koti zito ambalo hakulivaa tena, na jambo moja kichwani lililokuja kuyala maisha yake.

Jambo hilo ni nadharia ya nyuzi, na kwa kuwa wengi wenu mmeisikia kwa jina tu, mdogo wake ataieleza kama yeye mwenyewe alivyoelezwa, akiwa amelala chini ya sinki la jikoni kwa dada yake na spana mkononi. Inasema kwamba kila kitu, tukikipasua mpaka mwisho wake, ni vijiuzi vidogo mno vinavyotetemeka, na kwamba mbali na urefu, upana na kina tunavyovijua, kuna pande nyingine sita, zimekunjwa ndogo kiasi kwamba hakuna jicho wala chombo kilichowahi kuziona, na jinsi zilivyokunjwa ndiyo inayoamua ulimwengu utakuwa wa namna gani. Tabu ni kwamba namna za kukunja, ambazo yeye aliziita maumbo, hazina hesabu ya kibinadamu, hata watu wote wa dunia wakiacha kazi zao wakahesabu mpaka wafe, na watoto wao nao, hawatafika popote, na marehemu alitaka moja tu kati ya hizo, ile inayotoa ulimwengu huu, wenye chembe ndogo kabisa zilizogawanyika katika familia tatu, si mbili wala nne, ambamo sisi tumo.

Mtaani habari hizo zilifika nusu. Ilisikika kwamba mwalimu mpya wa nyumba ya kona anashughulika na nyuzi, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani, ikaonekana ni jambo la kueleweka, basi wanawake wakaanza kumletea sketi zilizofumuka na mashati ya shule yasiyo na vifungo, wakamwita Mama Nyuzi, naye, badala ya kuwarudisha, alizipokea, akazishona Jumapili mchana barazani, vibaya kuliko mama yake, na hakumwambia yeyote kwamba amekosea mlango.

Alifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1998 na mpima ardhi ambaye ameketi hapo mbele. Walikutana kwa mabishano, kwa kuwa bwana huyu alikuwa amesimamisha vifaa vyake vya kupimia mbele ya mlango wa idara, marehemu akapita, akatazama karatasi yake, akamwambia pembe ile haiko sawa, bwana akapima upya huku akiguna, akaona ni kweli, imepotoka kwa nusu digrii, na kesho yake akaja tena bila kifaa hata kimoja. Walijaliwa binti, tarehe 3 Novemba 1999, ambaye leo ni mtaalamu wa macho, na mwaka 2003 wakapata mtoto wa kiume aliyeishi siku sita, naye marehemu hakumzungumzia tena mbele za watu, ila kila mwaka, mwezi Mei, kwa siku sita, alikuwa haendi kazini, na idara nzima ilijua wasimuulize.

Kazi aliianza rasmi Januari 1999, mhadhiri wa fizikia, ghorofa ya tatu, chumba namba 31, chenye dirisha lisilofunga lililozibwa kwa karatasi za mitihani ya zamani na bomba la darini ambalo mdogo wake amelirekebisha mara nne. Alifundisha miaka ishirini na minne, na mchana ulipomalizika alihesabu maumbo yake kwa kalamu, kisha kwa kompyuta, moja baada ya jingine, kwa kipimo cha maumbo mawili au matatu kwa siku, mpaka mwaka 2016, alipokuwa amekwisha kuota mvi, akakubali kwamba kwa mwendo ule anachota bahari kwa kijiko cha chai.

Hapo ndipo aliposhika njia ya kuifundisha mashine ijifunze yenyewe. Alimweleza mdogo wake kwamba muuza matikiti mzoefu hapigi hesabu yoyote, analigonga tu tikiti kwa kidole akajua limeiva, kwa sababu amegonga maelfu, basi naye ataionyesha kompyuta maelfu ya maumbo aliyokwisha kuyakokotoa, mema, yanayoukaribia ulimwengu huu, na mabaya, mpaka ipate sikio la kutambua jema bila kulikokotoa, kisha aiachie mamilioni. Stoo ya viti vibovu ikasafishwa, zikaingizwa kompyuta nane, feni mbili, na marehemu akawa anashinda humo akiandika orodha ya mifano kwa mikono yake mwenyewe, miaka miwili na nusu, akisema kazi hiyo hawezi kumpa mtu.

Tarehe 12 Februari 2019 mashine ilijibu sawa mara tisini na tisa katika mia. Mdogo wake alikuwa pale siku hiyo, kwa ajili ya feni iliyokuwa ikidondosha maji, haijulikani maji yalitoka wapi, akaona dada yake ameegemea ukuta, mikono kichwani, anacheka bila sauti. Makala yakachapishwa mwezi Mei, akaalikwa kwenye kongamano, ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi, magazeti yakaandika kwamba mwanamke mmoja na kompyuta nane wamekaribia siri ya ulimwengu, na mama mmoja wa mtaani alikata ukurasa ule akaubandika dukani kwake juu ya mizani.

Katika ukumbi ule alikuwemo mwanahisabati wa chumba cha jirani, mtu mkimya, ambaye idara nzima humwita Bwana Hakiki kwa kuwa hata akiambiwa saa ngapi atatazama saa mbili tofauti. Yeye hakupiga makofi, alikuwa akiandika. Tarehe 2 Septemba 2019, saa nne asubuhi, alibisha mlango wa stoo akamwambia marehemu, "Mama, orodha yako, hebu ichanganye. Ivuruge kabisa, kisha uiulize tena."

"Ya nini?"

"Sijui bado. Ivuruge tu."

Akaivuruga, akaiuliza, na mashine ikajibu sawa mara hamsini na moja katika mia, yaani sawa na mtu anayerusha shilingi juu. Ilichukua saa mbili kujua kilichotokea, nacho kilikuwa kidogo hata kinatia aibu kukisema, kwamba marehemu alipoandika orodha yake alianza na maumbo mema, akafuatia na mabaya, na namba ya mstari ikabaki ndani ya faili, kwa hiyo mashine haikuwa imejifunza lolote kuhusu maumbo, ilijifunza kusoma namba ya mstari, basi, na miaka ile yote ilikuwa ikimrudishia mpangilio wa vidole vyake mwenyewe.

Bwana Hakiki alimwambia wanaweza kusubiri, waandike masahihisho taratibu, pengine pasiwe na mtu wa kugundua. Marehemu akamwambia, "Wewe umegundua," akaketi, akaandika barua ya kuyaondoa makala yale siku hiyo hiyo, na mwezi Novemba akaomba arudishwe kwenye ukumbi ule ule, akasimama mahali pale pale, akaeleza kosa lake kwa dakika ishirini, la nani, lilifanyikaje, na kwa nini lisisamehewe haraka. Walikuwepo waliocheka, na baadhi yao wapo hapa leo, hatuwataji. Mradi ukafungwa, stoo ikarudishiwa viti vibovu, akaondolewa ukuu wa kitengo, naye akaenda nyumbani akalala akitazama ukuta wiki tatu, hali, haogi, hasemi, na mumewe akawa anaketi kitandani kando yake na kumsomea vipimo vya viwanja kwa sauti, hatua kwa hatua, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kusema.

Wiki ya nne aliamka akaomba chai na meza. Tangu Januari 2020 kazi ilihamia nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, wakati huu wakiwa wawili, yeye na Bwana Hakiki, na kila mfano aliouandika mmoja uliandikwa upya na mwingine bila kutazamana, jambo ambalo lilikula miaka mitatu. Wale waliokuwa wakimwona sokoni siku hizo watakumbuka alivyokonda, alivyokuwa akisahau chenji na watu waliokuwa wakimsalimu, na binti yake atakumbuka alivyomwambia siku moja, "Mama, umeshapoteza vya kutosha," naye akajibu kwamba hajapoteza, hajui tu viko wapi.

Ugonjwa ulianza Februari 2023. Alikuwa akifundisha, chaki ikamdondoka, akaiokota, ikamdondoka tena, na mara ya tatu akawaambia wanafunzi waende wakapumzike. Tarehe 8 Machi hospitali kuu ikaona uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, ukubwa wa yai la njiwa, akapasuliwa tarehe 21, akapata nafuu ya miezi tisa, kisha uvimbe ukarudi na safari hii madaktari hawakutaja kisu. Mkono wa kulia ukafa kwanza, halafu namba. Hilo la namba ndilo lililomvunja, kwa kuwa maneno yalibaki lakini tarakimu zikawa zinamponyoka, anaiona saba na hajui ni ngapi, na mumewe alimkuta mara moja ameketi mbele ya kalenda akilia kwa hasira, anaigonga kwa kidole kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo tarehe 6 Januari 2025, saa nne asubuhi, Bwana Hakiki aliiwasha mashine mpya kutoka kwenye meza ile, marehemu akiwa kwenye kiti cha magurudumu kando yake, na hesabu ikaanza, ambayo ingedumu zaidi ya miezi minne. Kutoka siku hiyo hakuishi kwa dawa, aliishi kwa kungoja. Alilazwa tarehe 2 Aprili, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, na kila aliyeingia, awe daktari, mfagiaji au mleta chakula, aliulizwa swali moja, imemaliza, nao walijua kujibu bado.

Ilimaliza tarehe 17 Mei. Katika mamilioni ya maumbo mashine ilichagua mia mbili na kumi na nne, ikasema haya ndiyo yanayokaribia zaidi, na Bwana Hakiki, aliyekuwa akiyakokotoa kwa mkono kila lilipotolewa, akalimaliza la mwisho siku mbili baadaye, na hakuna hata moja lililofaa. Mashine haikudanganya safari hii, ilifanya kazi yake vizuri, ila humo lilimotafutwa, hilo umbo halikuwamo. Tarehe 19 Bwana Hakiki alikwenda kwenye karakana ya mdogo wa marehemu, akasimama katikati ya mabomba na kofia mkononi, akamwambia, "Fundi, mimi kumwambia uongo siwezi, na ukweli sina miguu ya kuupeleka. Wewe ni ndugu yake."

Mdogo wake alimuuliza kama kuna lolote, hata dogo, la kumpelekea mgonjwa. Bwana Hakiki akasema, "Tumejua pale ambapo halipo. Lakini tulipopita ni kama kizingiti tu cha nyumba yenye vyumba visivyohesabika," na mdogo wake akaona hilo haliwezi kupelekwa wodini.

Mdogo wake alikwenda tarehe 20, saa tisa alasiri. Mume alikuwa ametoka kutafuta dawa. Marehemu alimtazama akiingia, na kwa kuwa walikuwa wamelelewa chumba kimoja, hakungoja salamu.

"Imemaliza?"

"Imemaliza, dada."

"Lipo?"

Mdogo wake alikuwa amejiandaa njia nzima kusema hapana, maneno aliyapanga, lakini akaona mkono mmoja wa dada yake uliobaki umeshika ukingo wa shuka kama mtu anayening'inia, akasema, "Lipo. Moja."

"Familia ngapi?"

"Tatu."

Jibu la tatu alilijua, kwa kuwa alilisikia kwa dada yake miaka ishirini na mitano.

"Nani amehakiki?"

"Bwana Hakiki mwenyewe, kwa mkono."

Machozi yakamtoka marehemu upande mmoja tu wa uso, ule uliokuwa bado unafanya kazi, akasema, "Haya, mdogo wangu. Ahsante kwa kuja," akaomba pazia livutwe. Kutoka saa hiyo hakumuuliza tena mtu yeyote imemaliza, akakataa uji, akakataa maji isipokuwa ya kulowesha midomo, na tarehe 24 Mei 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mume na binti wakiwa kando yake, akakata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Mdogo wake ameishi siku nne na wazo kwamba alimkata dada yake kamba aliyokuwa ameishika. Angemwambia bado, pengine angengoja wiki moja zaidi, pengine mwezi. Wapo waliomwambia kwamba alimpa furaha ya mwisho, na mpaka jana jioni alikuwa akijaribu kulishika hilo. Jana jioni, walipokuwa wakipanga viti hivi, shemeji yake alimwita pembeni, akatoa mfukoni karatasi ya hospitali ya kuandikia joto la mwili, nyuma yake kuna maneno ambayo marehemu alimtaka ayaandike tarehe 21, siku moja baada ya ule uongo, akayarudia mara mbili ili yasikosewe. Yanasema hivi: "Wakichapisha, jina langu lisiwepo. Sijaiona hesabu."

Shemeji hakujua maana yake, alidhani ni homa. Mdogo wake aliisoma amesimama, akaketi chini. Kwa hiyo hakuuamini, na furaha ile hakuipata. Aliupokea uongo ule kwa adabu, kama zile sketi za majirani, hakumwambia mletaji kwamba amekosea mlango, akabaki nao peke yake siku nne, na hakuna aliyekuwa naye humo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyejibu "bado" siku arobaini na nane bila kuchoka, inamshukuru mfagiaji aliyehamisha kitanda ili jua lisimpige machoni, inawashukuru majirani wa mtaa, mliokuja na sketi zenu na leo mmekuja na sufuria na maturubai, inawashukuru walimu wenzake, waliosimama kumpigia makofi na waliomcheka, kwa kuwa nyote mmefika, na inamshukuru Bwana Hakiki, ambaye hakusema neno lolote lisilo la kweli juu yake, akiwa hai wala sasa. Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mdogo mmoja, na daftari kumi na tisa ambazo idara imesema haina nafasi ya kuziweka.

Lipo moja ambalo haliwezi kusomwa kwa jina la mtu mwingine, nalo ni kosa langu, mimi niliyeshika karatasi hii, na yeye makosa aliyatangaza kwa kusimama mbele ya watu. Dada, lile umbo halijapatikana. Niliyokwambia yote hayakuwa kweli, hakuna makala, hakuna pa kuliondoa jina lako. Mashahidi ni hawa wote. Sasa lala, pumzika kwa amani yako.